Asta wa Tufaha la Kijivu

Mwaka umetimia, Asta, tangu siku ile ya mwisho wa Februari ulipotuaga huku viazi vyako vya mbegu vikiwa bado vimejipanga dirishani, macho yametazama juu kama ulivyoviamuru. Tunaandika haya sisi wa nyumbani kwako, hapa Faaborg. Tumeyapeleka kwenye jarida la chama cha bustani badala ya gazeti, kwa sababu watu wa bustani ndio waliokuwa wakikusikia ukifoka kila Jumamosi, na ni haki yao wasikie na sisi tukikujibu.

Kalamu anayo binti yako Lisbet. Baba, mumeo, amekataa kuandika. Amekaa hapa jikoni na kikombe chake cha kahawa, na kila tukimsomea sentensi anasema, "Siyo hivyo," akiulizwa basi ni vipi anarudia kahawa yake. Kwa hiyo palipokosewa, lawama ni zake. Lakini liko jambo moja ametuagiza tuliandike lote bila kulipunguza, hata kama majirani watacheka. Ni uongo aliokuambia, Asta. Ameubeba mwaka mzima na sasa anautua. Tutaufikia.

Kwanza tuseme tulivyokukosa.

Wengine wakikumbukwa hukumbukwa na maua yao ya kiangazi. Wewe tumekukosa zaidi mwezi huu wa Februari, mwezi ambao watu wenye akili zao wamefunga vibanda vyao vya bustanini tangu Oktoba na hawatarajiwi kabla ya Pasaka. Ardhi ni tope asubuhi na jiwe jioni. Hakuna cha kuona. Wewe ulivaa buti, ukajifunga ile skafu ya kijani iliyoliwa na nondo, ukasema mwaka unatengenezwa sasa hivi, hiyo Mei watu wanayoisifia ni kuja kula tu.

Ulifunika mmea wa rubabu kwa ndoo iliyotoboka, ili mabua yake mekundu ya kupika yatoke mapema gizani, na ndoo ukaiwekea tofali juu upepo usiichukue. Ulikata rasiberi za vuli mpaka chini kabisa na kutuonya tusiguse zile za kiangazi, maana tukizikata tumekula hasara ya msimu mzima. Ulizikata hizo za kiangazi wewe mwenyewe mara moja, mwaka ambao mwanao Torkil alizaliwa, kwa usingizi. Hukuwahi kukiri. Baba ndiye aliyetuambia.

Vyungu vya miche uliviosha kwenye beseni la kuogea. Torkil mpaka alipohamia kwake alidhani kila familia huoga na mchanga miguuni. Mikasi ya kupogolea uliitandaza juu ya gazeti kwenye meza hii hii ya jikoni, ukaifungua, ukaisugua, ukaipaka mafuta, na mkate mweusi wa Baba ukausukuma pembeni kwa kiwiko. Mbegu za liki, vile vitunguu vya majani, ulizisia kwenye trei ukaziweka juu ya kipasha joto cha sebuleni, na mgeni akitaka kukaa karibu na joto aliambiwa pamekaliwa.

Hukujua kumtoa mtu mikono mitupu. Yule muuguzi aliyekuja kukuchoma sindano, wiki zako za mwisho, aliondoka na miche mitatu ya rasiberi na maelekezo marefu kuliko yale aliyokuachia wewe ya dawa. Alitupigia simu Septemba. Zimezaa, akasema.

Sasa tuje kwenye mti.

Anayesoma jarida hili anaujua mtufaha wetu, hata kama hajui habari zake. Ndio ule mkubwa karibu na mlingoti wa bendera, wenye vibati vinavyoning'inia na kulia upepo ukivuma. Mti ni mmoja, matufaha ni ya aina tano. Kila mtu aliyeingia katika familia hii ulimtafutia tufaha lake, ukaomba kijiti kwa watu, ukakibebesha juu ya mti wetu mpaka kikashikana nao, ukaandika jina kwenye kibati. Lisbet ni lile jekundu linalowahi kuiva na kuwahi kuoza. Torkil ni lile kubwa lisilolika mpaka lipikwe. Mjukuu wako Solvej, binti wa Torkil, ni lile dogo la manjano, na kitawi chake kina miaka saba kama yeye. Baba ni lile gumu linalowekwa ghalani, ambalo kabla ya Krismasi huwezi kulitia jino. Watu wakikuuliza kwa nini ulimchagulia hilo, ulisema, "Mngemjua alipokuwa na miaka ishirini na tatu, msingeuliza."

Na juu ya wote, tawi la juu kabisa, ulikuwa wewe. Tufaha la kijivu. Hilo hukuliomba kwa mtu. Kijiti ulikileta kutoka kwa mama yako, mwaka wa kwanza mlipopewa bustani na chama, na mti wa mama yako ulikatwa baadaye barabara ilipopanuliwa, kwa hiyo likabaki hapo tu. Vijiti vya matawi mengine ulivigawa kila Februari, umevifunga kwa gazeti bichi kama samaki. La kijivu hakuna aliyewahi kukuomba. Ni baya usoni, ngozi inaparuza kama kiganja cha fundi. Walioonja ni wachache. Sisi tulionja.

Kazi ya kupogoa mti huo ilikuwa yenu wawili, na haikubadilika miaka arobaini na minne. Wewe ulipanda na kukata. Baba alishika ngazi. Alishika kwa mikono miwili na goti moja, akatazama juu, na maranda yakamwingia machoni. Alikuwa na maoni mengi kuhusu mikato yako, yote akayatoa akiwa chini. Wewe ulijibu kwa kumwangushia vitawi kichwani. Egon wa bustani ya pili aliwatazama juu ya ua akiwa na kahawa yake, akasema bora ya sinema, kisha akarudi ndani kwenye joto. Egon alikuita Mkurugenzi. Wewe ulimwita mvivu. Mlibishana miaka thelathini kuhusu vitunguu vipandwe lini, na hakuna mwaka hata mmoja mlioafikiana.

Kwa hiyo mtu aelewe: Baba hakuwa amewahi kupanda ngazi ile. Aliujua mti kwa kuutazama kutoka chini.

Kidonda cha mti huo ulikiona wewe, katikati ya Februari mwaka jana, ulipokwenda bustanini mara ya mwisho, Torkil akikushika mkono. Kilikuwa kwenye tawi la juu. Gome limebonyea, limepasuka, pembeni limevimba kama mdomo. Wenye miti wanaujua ugonjwa huo. Hauna dawa. Hukatwa majira haya, kabla utomvu haujaamka, na hukatwa mpaka kwenye mti safi, maana ukiachiwa hutambaa tawini mpaka shinani, na ukifika shinani umekwisha mti mzima. Ulikiangalia, ukatazama kilivyokaa, ukasema, "Bado kiko mbali. Kinawahika."

Mlipofika nyumbani ulilala. Kesho yake ukamwita Baba kando ya kitanda ukamwambia achukue msumeno akalikate tawi la juu. Alikuuliza, hilo la kijivu? Ukamwambia hilo hilo, wala asijisumbue na vijiti vya kubebesha, nani atalitaka. Ukasema, "Ni tawi, Verner. Usianze."

Akaenda. Hili ndilo jambo lenyewe, Asta, na Baba hapa ameweka kikombe chini.

Alikwenda kwa baiskeli, msumeno umefungwa nyuma. Akaitegemeza ngazi kwenye mti. Akasimama chini yake, ameishika kwa mikono miwili na goti moja, kama kawaida yake, na juu hakukuwa na mtu. Anasema alisimama hivyo muda mrefu. Kisha akaingia kibandani, akaona kile kiti chenu cha zamani cha msonobari kilichovunjika mguu, akakiweka juu ya goti, akakikata vipande vipande. Alitaka arudi na unga wa mbao kwenye mikono ya koti. Mtu mwenye miaka sabini na sita.

Akarudi. Ulimuuliza kama amekata. Akasema amekata. Ukamuuliza, mpaka palipo safi? Akasema, mpaka palipo safi. Ukanyoosha mkono ukampangusa unga ule kwenye mkono wa koti, ukaushika kidogo kati ya vidole, ukausogeza karibu na uso wako. Ukasema, "Vizuri. Kanawe, supu inapoa."

Siku tisa baadaye ulikuwa hupo.

Tulikuzika Jumanne ya mvua. Egon alipandisha bendera yake nusu mlingoti, na ulipokwisha kuteremshwa kaburini akaipandisha mpaka juu kama desturi ilivyo, akasimama kando ya mlingoti bila kofia mpaka akalowa. Viazi vyako Lisbet alivipanda Aprili, akavizika kina kirefu mno, vikatoka vidogo. Unajua ungesema nini.

Baba msimu mzima hakwenda bustanini isipokuwa kukata majani, na alikata akiwa ameinamisha kichwa. Matufaha ya kijivu yalitoka manane. Aliyala yote peke yake, ndani ya siku mbili, hakumgawia mtu, na hilo ameomba tusiliandike.

Januari hii Torkil alikwenda kuangalia paa la kibanda. Akatazama juu. Alirudi nyumbani akasimama pale mlangoni na viatu vya tope, akamuuliza Baba si alisema amekata. Baba akasema alisema. Torkil akasema kidonda kilikuwa mbali na shina mwaka jana, urefu wa mkono mpaka kiwiko, na sasa kimebakiza viganja viwili. Akasema ana msumeno wa injini kwenye gari, kazi ya dakika tano, Baba akae tu.

"Usiguse mti ule," Baba akasema.

"Baba, ukiuacha mwaka huu umekufa wote. Wa kwangu, wa Lisbet, wa Solvej. Wote."

"Mama yenu yuko pale juu."

"Mama hayuko juu ya mti."

"Wewe umemwona wapi kwingine?"

Torkil aliondoka, na kwa wiki mbili hawakuongea, watu ambao huongea kila siku hata kama ni kuhusu hali ya hewa tu. Lisbet akawa anapeleka habari huku na huku kama posta. Ni vibaya kusema, lakini tulikukasirikia kidogo, Mama. Ungekuwepo ungepiga meza mara moja yakaisha.

Wiki hizo Baba alikuwa akienda bustanini kila asubuhi. Hakufanya kitu. Alifunika rubabu kwa ndoo, akaweka tofali, akasimama chini ya mti. Mikasi yako aliipaka mafuta kwenye meza ya jikoni, akajitengea mkate wake pembeni mwenyewe, kisha akaukuta umelowa mafuta na akaula hivyo hivyo. Hakuna anayekuja bustanini Februari, lakini Egon alikuwepo. Tuliliona jambo hilo la ajabu. Mtu aliyezoea kulala kama dubu mpaka Pasaka, mwaka huu alikuwa kwenye kibanda chake kila siku, moshi unatoka kwenye bomba, amekaa dirishani na kahawa yake na blanketi miguuni. Tulidhani amekorofishana na mkewe. Baba na yeye walipungiana mkono. Hawakusemezana.

Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya pipa, ile sikukuu ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kulipiga pipa la peremende mpaka lipasuke, Solvej alimpigia Baba simu kumwambia kuwa kesho atavaa mavazi ya nyigu, na kwamba safari hii yeye ndiye atakayelipasua pipa. Baba akamsikiliza. Mwisho Solvej akamuuliza kama ni kweli mti unaumwa. Baba akasema ni kweli. Solvej akauliza, "Na la kwangu nalo litakufa, Babu?"

Baba alisema atamwona kesho, akaweka simu. Tunalijua hili kwa sababu alimhadithia Lisbet baadaye, akisema aliulizwa swali na mtoto akalikimbia, na hajawahi kukimbia swali la mtoto maishani mwake. Kitawi cha Solvej, anayeujua mti atakumbuka, kiko chini tu ya lako. Wewe ndiye uliyekiweka hapo. Ulisema ni ili umwone vizuri.

Asubuhi ya Jumapili kulikuwa na jua na ukavu, baridi ya kuuma masikio. Siku nzuri ya kukata, ungeipenda. Baba hakumwambia mtu. Alifunga msumeno nyuma ya baiskeli na mikasi yako mfukoni, akaenda. Akaitegemeza ngazi. Akaitikisa. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, ngazi ikayumba, akarudi chini. Akajaribu tena. Alipofika kidato cha nne, anasema, ngazi ikatulia. Ikatulia kabisa, kama imeota mizizi. Akatazama chini akaona kofia ya Egon.

Egon, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kuvuka ule ua bila kukaribishwa, alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili na goti moja.

"Nani kakuita?" Baba akamuuliza.

"Panda," Egon akasema.

Akapanda. Alipofika juu, kitu cha kwanza alikata vijiti. Ulimwambia asijisumbue, lakini hapo hukutiiwa. Mbele ya kidonda tawi lilikuwa bado hai, na alichagua vitawi vya mwaka jana, unene wa penseli, macho yamefumba vizuri. Alivipata vitatu. Akavitia ndani ya koti, upande wa kifuani. Kisha akatoa msumeno.

Mkato wa kwanza tawi liliposhuka, alitazama kisiki akaona doa la kahawia katikati, kubwa kama sarafu. Ugonjwa ulikuwa umeshapita hapo. Akasogea karibu na shina, akakata tena. Doa lipo, dogo zaidi. Hapo akashuka kidato kimoja, akaegemeza paji la uso kwenye ngazi. Anasema alikuwa akifikiri kwamba mwaka ule wa uongo ndio uliolipeleka doa pale, na kama limeingia shinani basi amewaua wote watano kwa sababu ya kushindwa kumuaga mmoja.

Egon hakumharakisha. Alisema tu kwamba bado ameishika ngazi.

Baba akapanda tena. Mkato wa tatu ulikuwa pale pale tawi linapotokea, hakuna nafasi ya wa nne. Alikata polepole. Kipande kikaanguka. Akavua glovu akapangusa kisiki kwa kidole.

Ni peupe, Asta. Pote peupe, na pembeni mduara wa kijani chini ya gome.

Alimwambia Egon ni pasafi. Egon akamwambia aangalie tena. Akaangalia tena. Akashuka akaketi chini kwenye nyasi zenye baridi, na Egon akaketi kando yake akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Baba hapo alikuwa analia, na ametuambia tuandike kwamba alikuwa analia. Akamwambia Egon kwamba alikudanganya. Kwamba ulikufa ukiamini limekatwa.

Egon akanywa kahawa yake.

"Hakuamini," akasema. "Alinipigia simu jioni ile ile. Aliniambia, mume wangu amekwenda kukata kiti."

Baba akamtazama.

"Unga wa mtufaha haunuki msonobari, Verner. Yule ndiye wa kumdanganya kwa mbao?"

Alimwambia ulicheka mpaka ukakohoa, mpaka akaogopa akataka kukata simu. Alimwambia alikuuliza kama aje yeye alikate tawi, na wewe ukakataa kabisa. Ulimwambia hivi, na Egon alilirudia neno kwa neno, kwa sababu amekuwa akilirudia mwaka mzima asilisahau: "Mwache. Wala mtu mwingine asiliguse. Atalikata siku atakayoweza. Ila hajawahi kupanda ngazi, huyo. Siku ukimwona anapanda, nenda ukamshikie."

Kumbe ndiyo sababu ya moshi ule kibandani. Mtu mvivu kuliko wote katika chama hiki alikaa kwenye baridi wiki tano, kila siku, akichungulia dirishani juu ya ua, kwa sababu Mkurugenzi alimwagiza. Mkewe anathibitisha. Alidhani mumewe ana mwanamke.

Egon, ukisoma hapa: hatuna cha kukulipa. Njoo ule.

Mchana wa siku hiyo walipasua pipa. Nyigu alilipasua. Baba alifika akiwa na koti la kazi, hajabadilisha, akamkuta Torkil kwenye foleni ya maandazi ya krimu. Hakusema mengi. Alimwonyesha kipande cha mti, cheupe, alichokuja nacho mfukoni. Torkil akakigeuzageuza, akasema, "Mkato mzuri, Baba," na Baba akasema alishikiwa ngazi. Kisha akamwinamia Solvej akamjibu swali lake la jana. La kwako halifi, akamwambia. Nimelitazama kwa karibu.

Vijiti vitatu viko kwenye droo ya mboga ya friji, kwenye gazeti bichi, pale pale ulipokuwa ukiviweka vyako, na kila anayefungua friji anaulizwa anataka nini. Aprili Lisbet atavibebesha. Kijiti kimoja kati ya viwili alivyowahi kubebesha maishani kilishika, kwa hiyo hatuahidi. Cha kwanza kitarudi mtini kwetu, juu. Cha pili ameomba muuguzi. Cha tatu kimeombwa na Egon. Umeona, limepata wa kulitaka.

Tumekukosa, Mama. Tumekukosa kwenye beseni la kuogea, ambalo sasa ni safi mpaka linatia huzuni. Tumekukosa kwenye meza, hakuna anayesukuma mkate wa mtu. Lisbet amesia liki juu ya kipasha joto, na Baba kila asubuhi anainama kuzitazama, anasema hazioti, na zinaota. Dirisha la chumbani lina viazi tena. Anasema hawezi kulala dirisha likiwa tupu.

Lile koti limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Mikononi bado lina unga, na hatujalikung'uta. Anayepita anainama ananusa. Ni wa mtufaha.

Wanaokukumbuka leo ni mumeo Verner. Wanao Lisbet na Torkil. Mjukuu wako Solvej, ambaye bado amevaa nyigu. Na jirani yako Egon, aliyeomba aandikwe pamoja na familia, na familia imekubali. Kukusahau hatujui kunaanzia wapi.

Tumemsomea Baba yote mpaka hapa. Hakusema siyo hivyo. Ametuomba tumwachie mstari mmoja mwishoni, akashika kalamu akauandika huu mwenyewe:

Asta, nimekata. Mpaka palipo safi.